Chumvi Katika Ukuta wa Mwanhubi

Pipa lilitoka mkiani mwa Fuso kama mbuzi aliyekata kamba.

Bhoke aliliona likidunda juu ya vumbi jekundu, la bluu, kubwa, linamjia. Akailaza Boxer upande wa kushoto. Haikutosha. Pipa likagonga gurudumu la nyuma, likapasuka, maji ya manjano yakaruka hadi kwenye kioo cha helmeti. Pikipiki ikaenda njia yake, yeye akaenda yake. Alitua mtaroni, bega likitangulia.

Fuso halikusimama.

Juu ya mzigo alikuwa amechuchumaa Marcel, mlinzi wa mgeni ambaye Bhoke alikuwa anamfuatilia, mtu mwenye shingo pana kama kinu. Ndiye aliyelisukuma pipa. Sasa alikuwa anampungia mkono. Anapunga polepole, kama anayemuaga shangazi yake stendi.

Kule kupungiwa ndiko kulikomuuma Bhoke kuliko bega.

Alijipapasa. Bastola yake, CZ, ipo kiunoni. Simu ipo, kioo kimechanika. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, vidole vikakuta vigae na majimaji.

Kichupa.

Kilikuwa kidogo, kama cha dawa ya macho. Tone moja tu ndani ya maji yoyote: yakiganda meupe kama maziwa, yana chumvi. Wataalamu wa Dodoma walikitengeneza kwa ajili ya kazi ya leo. Leo yenyewe ndiyo hii, na kichupa ndicho hicho, kinamchana vidole.

Akabonyeza kidude cha sikioni.

"Mzinga, hapa Nyigu."

"Nakusikia, Nyigu." Sauti ya Selestine, mkuu wake wa operesheni, mama mtu mzima ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Gari limeingia njia ya Mwanhubi. Nimeangushwa. Kichupa kimevunjika."

"Chote?"

"Ulitaka kivunjike nusu, mama?"

"Naona una hasira."

"Ninazo tangu Kagongwa. Hapa nimeziongezea vumbi tu."

Kagongwa ndiko alikotokea. Wiki nzima alikaa pale akijifanya mpepeta mchele kwenye mashine moja inayotazamana na ghala lenye mlango wa kijani. Ungo mkononi, macho mlangoni. Aliona mapipa ya bluu yakiingia, lebo zake hazijakwaruzwa: Feralok, hatari, usionje. Akaona magunia ya chumvi ya mifugo nayo yakiingia, mengi, ya kulisha mifugo ya wilaya nzima.

Kisha mapipa yakatoka.

Chumvi haikutoka.

Selestine alimweleza siku ile ile ya kumtuma. "Zege si jiwe, mwanangu. Zege lina vinyweleo kama ngozi yako. Maji yanapenya, chumvi inapenya, vinafika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, na ikivimba inalipasua zege kutokea ndani. Nje unaona ukuta mzima, umepakwa rangi, kumbe ndani umeshaliwa. Feralok inachanganywa kwenye maji ya zege, inaivalisha nondo ngozi nyingine ambayo chumvi haiipenyi kirahisi. Sasa mtu akiitoa dawa, akatia chumvi yenyewe humo humo kwenye maji ya kuchanganyia, amefanya nini?"

"Amejenga ukuta na mchwa wake ndani."

"Haswa."

Na ukuta wenyewe haukuwa wa duka. Ushirika wa wachimbaji wadogo wa Mwanhubi ulikuwa unajenga bwawa la zege kilimani, la kuhifadhi maji yaliyokwisha kuchenjua dhahabu. Maji yenye sianidi. Chini ya kilima kuna lambo, na lambo hilo ndilo linalonywesha kijiji kizima, watu na ng'ombe. Kati ya sumu na lambo, kinga ni huo ukuta peke yake.

Mgeni aitwaye Drost alikitaka kilima hicho kwa miaka. Kijiji kilimkatalia. Akaondoka bila ugomvi, akarudi na msaada: mapipa ya dawa ya nondo, bure, kwa moyo safi. Ukuta ungesimama mwaka huu, ungesimama mwakani. Halafu siku moja ya masika ungefunguka. Lambo lingekuwa sumu, kijiji kingehamishwa, kilima kingebaki bila mwenyewe. Na Drost angekuja msibani amevaa shati jeusi, ameshika rambirambi.

Bhoke amewakimbiza majangili wenye SMG. Amekamata dhahabu ndani ya matumbo ya samaki wakavu. Watu wale aliwaelewa. Anayekuelekezea bunduki angalau anakutazama. Huyu alikuwa anawaua watu wa miaka ijayo, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa, huku wenyewe wanamshukuru.

"Nitaonja," alisema, akitazama maji ya manjano yakizama mchangani. "Kama ni chumvi nitajua."

"Thubutu. Feralok halali nayo ina ukali wa chumvi ulimini, ndivyo inavyodanganya watu. Na inaua. Ng'ombe akiilamba hafiki mbali. Ulimi hautakwambia kitu, Nyigu, utakuzika tu."

"Basi nizuie zege lisimwagwe."

"Kwa ushahidi gani? Magunia ya chumvi? Ghala lile limeandikishwa la dawa za mifugo. Ukisimamisha kazi ya watu na dawa ikakutwa halali, Drost atatuanika magazetini na ushirika utakosa leseni. Sampuli ikienda Mwanza majibu ni kesho."

"Zege halilali, mama."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza utafanyaje."

Bhoke alitema mchanga. Kilima kilikuwa kinaonekana pale mbele, vumbi la Fuso likikipanda.

"Sijui," alisema. "Lakini naenda."

Helmeti na koti aliviacha kichakani pamoja na Boxer iliyopinda rimu. Marcel alikuwa ameiona helmeti tu, uso hakuuona. Akajifunga kanga aliyobaki nayo tangu Kagongwa, CZ ikazama ndani yake. Njiani akawakuta kina mama wa kijiji wanapanda na ndoo za maji ya kuchanganyia zege. Akaomba ndoo moja. Hakuna aliyemuuliza. Siku ya zege kila mkono unapokelewa.

Juu kulikuwa kumechangamka kama mnada. Mbao za kuta zilikuwa zimesimamishwa pande zote, na ndani yake nondo zimefungwa vizuri, mstari kwa mstari, mpya, zinang'aa. Bhoke alisimama akazitazama. Kazi nzuri ya watu, iko tayari kupakwa ugonjwa.

Mashine ya zege ilikuwa inaunguruma. Aliyeiendesha alikuwa msichana mrefu, buti za mpira, kofia ya Yanga.

"Wewe mgeni," alimwambia Bhoke, "unabeba ndoo kama unaibembeleza."

"Bega linauma."

"Mume?"

"Pipa."

"Hata yale sasa yanapiga?" Akacheka. "Mimi Blessing. Mwaga humo, halafu kaa mbali na yale ya bluu. Injinia anasema ni sumu tupu. Alituitia mkutano wa kijiji kwa ajili hiyo, akasema ng'ombe akilamba kidogo tu, kabla jua halijasogea amelala chali. Watu wakaogopa, wengine wanazunguka hata kivuli cha pipa."

"Injinia yupi?"

Blessing alionyesha kwa kidevu. "Theonest. Mtoto wa hapa hapa, wa Mzee Ngusa. Kijiji kizima kilijua habari alipohitimu, mzee aliuza ng'ombe kumsomesha hadi zizi likatoa mwangwi. Yule pale."

Theonest alikuwa kijana nadhifu, helmeti nyeupe, amesimama karibu na Prado jeusi akinywa maji ya chupa. Pembeni yake Drost, mwembamba, mikono ya shati imekunjwa sawasawa, anatabasamu na kila anayepita. Marcel alikuwa anashusha mapipa, akihesabu kwa vidole na kujifanya ananung'unika kwamba moja limepungua.

Mtoto wa hapa, Bhoke alisema moyoni. Na anakunywa maji ya dukani.

Hasira yake ilipata pa kukaa.

"Haya jamani," Theonest aliita. "Dawa imeshapimwa. Blessing, mchanganyiko wa kwanza uko ndani?"

"Uko ndani, Injinia. Nasubiri neno lako."

Bhoke alipiga hesabu ya haraka. Kupiga risasi mashine: kelele, hakuna ushahidi, na Blessing yuko pale. Kumkaba Theonest: atakana, na Drost atapiga simu. Zege likishaingia katikati ya zile nondo, hakuna mkono utakaolichokonoa chumvi yake.

Akaanza kusogea kuelekea kwenye mashine hata hivyo. Kufika ndiko kulikokuwa mpango wake wote.

Ndipo ng'ombe walipotokea.

Walipanda kilima wamesongamana, wanarusha vumbi, na nyuma yao mzee mwenye rubega na fimbo, anahema, kisu kikubwa kimechomekwa mkandani.

"Theonest," aliita. "We Theonest. Ng'ombe wamelamba dawa yako."

Kazi ilisimama. Mashine tu iliendelea kuzunguka.

"Dawa gani, baba?"

"Ya mapipa hayo. Kuna moja limepasuka kule barabarani. Nilikuwa nachimba dawa ya tumbo porini, nageuka nawakuta wamejaa pale, wanalamba udongo, wanasukumana kama watoto kwenye sinia. Wote. Mpaka ndama."

Mama mmoja alishika kichwa. Watu wa Mwanhubi walijua maana yake. Zizi la Ngusa lilikuwa limebaki na hao tu.

"Sasa sitaki kibudu," mzee aliendelea. "Nimeshapiga simu kwa mabucha wa Kakola, wako njiani. Nawachinja wakingali wanapumua. Nani hapa Mwislamu anichinjie, ili kila mtu ale asiwe na kinyongo?"

"Mzee Ngusa," Blessing alisema, "nyama yenye sumu ale nani?"

"Haijafika kwenye nyama. Imo tumboni bado. Utumbo tutatupa."

"Mimi nimeacha nyama leo."

Wengine walicheka kidogo, cheko la msibani.

Bhoke hakucheka. Alikuwa anamwangalia Theonest.

Alikulia Tarime, nyuma ya mikia ya ng'ombe. Anamjua mtu ambaye ng'ombe wa kwao wamekula sumu. Anakimbia. Anauliza lini, wangapi, nani ana namba ya daktari wa mifugo. Anawafungua midomo kwa mikono yake. Theonest alikuwa amesimama palepale. Alijikuna shingo. Kisha akamtazama baba yake haraka, akamtazama Drost kwa muda mrefu.

Kwa nini unamtazama huyo zaidi?

Drost alitazama saa yake.

Hapo Bhoke akajua kwamba mapipani hakuna sumu, na kujua kwake hakukuwa na faida yoyote, kwa maana shingo ya mtu kuwasha si ushahidi. Ushahidi ulikuwa ndani ya kinywa cha Theonest. Kulikuwa na njia moja ya kuutoa, na njia hiyo ilimchukiza. Kama amekosea, anamchinjisha mzee wa watu fahali wake mchana kweupe.

Akaweka ndoo chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu."

"Kwetu nasi tunafuga. Usingoje. Anza na yule fahali, ndiye mkubwa, ndiye aliyelamba zaidi. Akianguka mwenyewe hutapata hata ngozi."

Ngusa alimtazama, akakubali kwa kichwa. Fundi mmoja wa Tabora alikuwa ameshavua kofia ya kazi, ananawa mikono. Wanaume wakamzunguka fahali, mwekundu, nundu imelala upande. Kamba mguuni, kamba pembeni. Akaangushwa, ardhi ikatikisika. Shingo ikavutwa kuelekea kibla.

"Injinia," Drost aliita kwa Kiswahili laini cha mtu aliyekaa nchini muda mrefu, "hii ni kazi ya familia. Sisi tuendelee na zege."

"Ndiyo," Theonest alisema. Hakusogea.

Fundi wa Tabora alichukua kisu.

"Baba," Theonest alisema. "Mwache kwanza."

"Nimwache afe?"

"Hatakufa."

"Ulisema mkutanoni anakufa."

"Nilisema... inategemea."

"Inategemea nini? Ulisimama mbele ya watu nikiwa nimekaa pale kwenye benchi, najivuna. Ukasema akilamba amekwisha. Ulitudanganya?"

"Sikudanganya, baba."

"Basi amekwisha." Ngusa akageuka. "Chinja."

"Hao ni wa mahari yangu," Theonest alisema kwa sauti ndogo.

"Mahari ya mizoga? Chinja, bwana."

Bhoke aliona kisu kinashuka. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Sema, aliomba. Sema, mpuuzi wewe, kabla sijaharibu mali ya baba yako.

"Bismi—"

"Usichinje." Theonest alikuwa ameshapiga magoti, ameukamata mkono wa fundi. Helmeti nyeupe ilibingirika. "Usichinje, baba, hawana kitu. Ni chumvi. Chumvi tu."



Blessing alinyoosha mkono, akazima mashine. Ukasikika ulimi wa ng'ombe mmoja ukilamba jiwe.

"Rudia," Bhoke alisema.

Sauti yake haikuwa tena ya mbeba ndoo. Theonest alimtazama, akaielewa.

"Ndani ya mapipa," alisema. "Maji. Chumvi ya mifugo. Na unga wa juisi ya embe, kwa ajili ya rangi."

"Mayo wee," mama mmoja alisema taratibu. "Ulitaka kutuwekea chumvi ukutani. Na mimi nimebeba maji tangu asubuhi."

Sasa mambo yakaenda mbio.

Marcel alitumbukiza mkono ndani ya koti. Alikuwa amesimama chini ya mdomo wa mashine ya zege, mahali ambapo kila saidia fundi anajua hapasimamwi.

"Blessing," Bhoke alisema. "Mwaga."

Blessing hakuuliza. Alizungusha usukani kwa mikono yote miwili. Tumbo la mashine likainama, likatapika. Kokoto, mchanga, saruji na chumvi yao vikamshukia Marcel kuanzia kifuani. Bastola ikazama kwanza. Kisha magoti. Alijaribu kupiga hatua, zege likamshika buti kama mkwe anayedai, akaanguka kifudifudi.

Bhoke alikuwa ameshafika. Goti moja shingoni. Pingu.

"Zile salamu za barabarani," alimwambia sikioni, "nimezipata."

Injini ya Prado ikawaka.

Drost alirudi nyuma kwa kasi, akageuza, akaukamata mteremko. Bhoke alitoa CZ kwenye kanga, akashika kwa mikono miwili, bega likilia. Hakulisikiliza.

Risasi moja. Kioo cha nyuma.

Ya pili. Tairi.

Prado likayumba, likapanda rundo la kokoto, likabaki limeinua pua kama mamba anayeota jua. Mlango ulipofunguka, Bhoke alikuwa anamngoja nje yake.

Drost aliteremka, akapangusa suruali. Hata sasa alitabasamu.

"Dada, tuongee kama watu wazima. Utanishitaki kwa lipi? Hakuna ukuta ulioanguka. Hakuna aliyekufa. Hata ng'ombe wamepata chumvi ya bure. Ni kesi gani hiyo, ya ukuta ambao hata haujajengwa?"

Kwa mara ya kwanza tangu Kagongwa, hasira ilimpanda Bhoke hadi kwenye macho, akamwona mtu yule mwekundu. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Kilikuwa chepesi sana, kile kifyatulio. Alifikiria lambo. Alifikiria wale mama na ndoo zao. Alifikiria jinsi ambavyo wangemwaga machozi kwenye mkono wa mtu huyu akiwapa bahasha.

Akaondoa kidole.

"Kaa chini," alisema.

"Nina marafiki Dodoma."

"Na mimi nimetumwa kutoka Dodoma. Kaa chini, kwenye kokoto, usizichague."

Drost alikaa. Tabasamu lilitangulia kushuka.

"Mzinga, hapa Nyigu. Mdomo umefunguka wenyewe, mbele ya kijiji. Mapipa yaliyobaki yapo, yamefungwa. Ghala la Kagongwa livamiwe sasa hivi, kabla mlango wa kijani haujapigwa simu."

"Wanavunja mlango huku unaongea," Selestine alisema. "Dawa halali lazima imo humo, hakuna aliyeiona ikitoka. Polisi waliokuwa Kakola wanapanda kilima chako. Nyigu?"

"Naam."

"Zege?"

Bhoke aliangalia ndani ya mbao. Nondo zilikuwa kavu, safi, kama zilivyofungwa.

"Halikuzigusa, mama."

Kilimani watu walikuwa wamepata sauti zao. Wengine walitaka kumtia Theonest ndani ya pipa lake. Wengine walitaka Prado lichomwe. Fundi wa Tabora alikuwa anamfungua fahali kamba, anamwomba radhi kwa Kinyamwezi. Blessing alishuka kwenye mashine, buti hadi magotini ni saruji tupu, akasimama mbele ya Bhoke na sepetu begani.

"Afande, au sijui nikuiteje. Limebaki zege tumboni mwa mashine, na lile lililomwagika tutalizoa. Likilala humu, nimepoteza mashine. Tulipeleke wapi?"

"Kule barabarani, malori yanapopita kwa kasi. Jengeni tuta."

"Na chumvi yake?"

"Tuta halina nondo. Chumvi itakosa cha kula."

Blessing aliligeuza jambo hilo kichwani, akaliona lina maana.

"Haya nyie," aliwapigia kelele wanaume, "makarai. Mnapigana na Injinia halafu zege nilipige mwenyewe?"

Wakaenda. Hasira zao zikaingia mikononi, karai baada ya karai, na kwa mbali mtu akaanzisha wimbo, wa matusi, jina la Drost likiwa kwenye kiitikio.

Land Cruiser mbili za polisi zilifika zimejaa vumbi. Marcel alipakiwa kwanza, suruali imeanza kukauka, anatembea kama sanamu. Drost akafuata, anadai simu. Hakuna aliyempa.

Theonest alikuwa wa mwisho. Bhoke alimshika mkono mwenyewe. Kijana hakubisha. Ila walipofika alipokuwa Mzee Ngusa, miguu ilimgoma.

Mzee alikuwa amechuchumaa, anamsugua fahali mahali kamba ilipomchubua. Hakuinua kichwa.

"Aliniahidi kazi ya kudumu, baba," Theonest alisema. "Alisema ukuta utakaa miaka. Alisema hadi hapo nitakuwa nimewahamisha, wewe na mama, mkae mjini, Kalangalala, nyumba ya bati la rangi. Nisingewaacha nyie humo."

Ngusa aliendelea kusugua.

"Na wengine?" Bhoke aliuliza.

Theonest alitazama pingu zake.

 Kijana akainamisha kichwa kama alivyofundishwa tangu anaanza kutembea, mikono iliyofungwa ikashuka mbele.

"Shikamoo, baba."

Fahali alipuliza pua. Makarai yaligongana huko barabarani. Mzee Ngusa alichukua fimbo yake, akasimama kwa taabu, akawaangalia ng'ombe mmoja mmoja mpaka aliporidhika kwamba wote wapo. Akapiga mluzi. Kundi likageuka, likaanza kuteremka kuelekea lamboni, na yeye nyuma yake.

Theonest alibaki ameinama, anasubiri.

Bhoke alimpa muda. Alimpa muda mrefu kuliko alivyostahili. 

"Panda gari," alisema.

Akaubamiza mlango yeye mwenyewe. Akajitanda kanga, akachukua ndoo ile ya kuazima, akairudisha kwa mwenyewe, kisha akateremka kilima kwa miguu bila kugeuka. Nyuma yake nondo zilisimama tupu juani, zinasubiri maji yasiyo na chumvi.